Juu Kufuli, Chini Ufunguo

Fundi magari alikuwa akilia tangu saa mbili asubuhi, na Inspekta alimwacha alie. Mtu mzima akilia chumba cha mahojiano usimkatize wala usimbembeleze. Akishiba machozi atasema mwenyewe. Koplo, aliyeshika daftari la maelezo pembeni, hakuwa na subira hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amepitwa vyeo na watu aliowafundisha yeye kufunga kamba za buti, na ulimi wake ulikuwa ndio pensheni yake.

"Bwana, unalowesha meza ya serikali."

Fundi akajifuta uso kwa kiganja chenye grisi. Sasa akawa analia na amechafuka.

"Sikumsukuma ili aanguke, afande. Nilimsukuma ili anisikilize."

"Akaanguka," Inspekta alisema.

"Akaanguka."

"Akauangukia mkono wa kulia."

"Ndiyo."

"Mshonaji."

Fundi akainamisha kichwa.

Kesi yenyewe haikuwa na fumbo. Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya wateja wawili, fundi aliingia dukani kwa mama mshonaji, akamwita msaliti, akamsukuma. Mama aliangukia pembe ya meza ya kukatia nguo na mkono ukavunjika mahali pawili. Mashahidi wapo, mtuhumiwa kakiri. Faili la namna hiyo Inspekta hulifunga kabla chai haijapoa. Kilichomzuia ni maneno ya mama mwenyewe, Jumanne jioni wodini, akiwa na plasta mpaka begani.

"Mkono utaunga, mwanangu. Jina langu je, nalo utalifunga plasta? Jumapili wanapiga kura kunitoa kwenye ukoo. Miaka kumi na moja nimo. Nataka ijulikane nani alifungua lango."

"Lango lenyewe liko wapi, mama?"

"Kwenye kompyuta."

Koplo aliguna wodi nzima ikageuka.

Basi ikawa kesi yenye vita ndani yake. Inspekta hakujua kitu juu ya vita hivyo, ila alikuwa na mtu wa kumuuliza. Mumewe, mfamasia, mtu mpole wa kuhesabu vidonge, alikuwa akicheza mchezo wa aina hiyo kila Jumapili mchana, miaka nenda miaka rudi, hedifoni masikioni, na mkewe hakuwahi hata siku moja kumuuliza anapigana na nani. Jumatano wakati wa chai ya asubuhi alimuuliza. Mume akamweleza mbiombio: mchezo umetoka Korea, ni wa zamani, picha zake zimechakaa, watu wanajiunga kwenye koo, kila ukoo una mkuu wake, Jumapili wanapigania ngome, na mwenye ngome ndiye bwana wa mji mpaka Jumapili ijayo. Haujatafsiriwa. Wachezaji wanabonyeza kwa mazoea tu, kama kipofu anavyotembea nyumbani kwake. Hapana, ukoo wa huyo mshonaji haujui, koo ni nyingi. Akaacha kikombe nusu, akaenda kazini.

"Nani alikwambia mama ndiye aliyefungua?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Hakuna aliyeniambia. Ushahidi ninao, uko kwenye ile bahasha mliyoninyang'anya."

Koplo akaimwaga bahasha mezani. Kurasa kumi na nne: picha za skrini na maongezi ya ukoo siku ya vita, vyote vimechapwa vizuri. Ukurasa wa nne ulikuwa na duara la wino mwekundu.

"Lango la kusini lina funguo mbili tu," fundi alisema. Machozi yalikuwa yamekauka. Hapa alikuwa kwenye somo lake. "Mmoja wa Mkuu wetu, mmoja wa Sindano. Sindano ndiye huyo mama, ndiye mlinzi wa lango. Ngome ile tumeishika miaka minne, afande. Minne! Siku hiyo tulikuwa tumewachapa, wamebaki wanatazamana kama kuku wa mvua. Mara lango hilo, wazi lenyewe. Wakaingia watu mia mbili."

"Labda alikosea kubonyeza."

"Haiwezekani. Ukiligusa lango anatokea mzee mwenye ndevu, anakupa mistari miwili ya Kikorea. Sisi hatusomi, lakini tuna wimbo, Mkuu ndiye aliyeutunga: juu kufuli, chini ufunguo. Hata ukiwa na homa hukosei. Aliyefungua alikusudia."

"Na Mkuu je? Naye si ana ufunguo?"

Fundi akamtazama kana kwamba ametukaniwa mzazi. "Mtu atamfungulia mwizi nyumba yake mwenyewe?"

"Anaitwa nani? Anakaa wapi?"

"Hapahapa mjini, ila sura yake hatuijui. Tunamjua kwa sauti. Sindano yeye hajifichi, duka lake analitangaza humo humo. Mkuu ni mtu wa heshima, afande. Hata siku ile hakumtaja mtu. Aliandika tu: 'Mwenye ufunguo anajijua.'"

"Na nyinyi mkamjua," Koplo alisema akiandika.

"Tukamjua. Kikulacho ki nguoni mwako. Na tena wiki ileile naibu wa maadui, yule muuza matairi, alionekana anaingia dukani kwake na kifurushi."

"Nimeshakwenda kwa muuza matairi," Koplo alisema bila kuinua kichwa. "Suruali mbili. Amenenepa, anataka kiuno kiongezwe. Ni mteja wa yule mama kwa miaka tisa, na kwa jinsi anavyokula atakuwa mteja wake mingine tisa."

Inspekta akaugonga ule ukurasa wa nne kwa kidole. "Hapa umezungushia nini?"

"Lango likifunguka mchezo unaandika wenyewe nani kafungua. Hauandiki jina, unaandika cheo, kwa Kikorea."

"Nani katika ukoo anasoma Kikorea?"

"Sindano peke yake. Kajifundisha."

"Mlimwomba awasomee?"

"Afande, mwizi unaweza kumpa hati ya mashtaka akusomee?"

Koplo akakiri kwamba hapo jamaa ana hoja.

"Sasa tazama," fundi akaendelea. "Ukurasa wa kwanza ni orodha ya wanaukoo. Majina tumeandika kwa herufi zetu, cheo kiko mbele ya kila jina. Cheo cha Sindano kina umbo hili: kisanduku juu, msumari katikati, kona chini. Nenda ukurasa wa nne. Umbo lilelile. Nimeligundua mimi, kwa macho yangu." Alisema kwa fahari kabisa, halafu akakumbuka amekaa wapi.

*

Kabla hajaletwa kituo hiki Inspekta alikuwa amekaa miaka minane idara ya hati za kughushi, na kule alijifunza jambo moja: si lazima ujue kusoma maandishi ili ujue kama yanafanana. Akafunga mlango wa ofisi, akatoa lenzi na karatasi laini ya kunakilia, akailaza juu ya orodha na kuchora cheo cha mama mshonaji, alama baada ya alama. Koplo alisimama dirishani na kikombe chake.

"Maumbo matatu," Inspekta alisema. "La katikati ndilo lile la fundi. Kisanduku, msumari, kona. La mwisho lina duara miguuni."

Akaihamishia karatasi kwenye ukurasa wa nne, chini ya duara jekundu.

"La katikati lipo," Koplo alisema akichungulia.

"Lipo. La kwanza halipo. La mwisho nalo halipo. Maduara yapo, lakini yote yako kichwani, hakuna hata moja lililo miguuni. Fundi kaona herufi moja ya jina la mtu akamkamata mtu mzima."

"Sasa hilo la katikati linatafuta nini hapo?"

"Huyu ni mlinzi wa lango, na sentensi inahusu lango. Litakuwa neno 'lango', basi." Alikuwa tayari anachora kitu kingine. Cheo cha Mkuu kilikuwa na maumbo mawili tu, la kwanza kama saba iliyokalia msumari, na kona chini yake. Akailaza karatasi mwanzoni mwa sentensi. Hakuhitaji kusogeza. Mistari ilikaa juu ya mistari.

Koplo akaweka kikombe chini. "Heee! Kumbe mwenye nyumba kamfungulia mwizi."

"Kafungua mwenye ufunguo wa Mkuu. Kwa nini, hatujui. Nisomee maongezi ya dakika za kabla ya hapo. Ukurasa wa tisa."

Alifurahi, tusifiche. Jina la mama lilikuwa limesafishika kwa karatasi ya kunakilia na lenzi. Sasa ilibaki kumtafuta huyo mtu wa heshima asiye na sura na kumleta mezani. Koplo akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Saa tisa na dakika nane, Mkuu: 'Wote ukuta wa kaskazini, lango niachieni, nalifunga mimi.' Saa tisa na tisa, Mkuu tena: 'Dakika moja, jirani anagonga mlango, tangi letu la maji linafurika, napanda paani.' Saa tisa na kumi na moja, lango wazi. Hapo sasa ni kelele tu. Mkuu! Mkuu! Mkuu uko wapi! Mkuu kimya. Saa tisa na kumi na saba: 'Nimerudi. Jamani, nini hiki?'" Koplo akavua miwani. "Afande, huyu mtu alikuwa paani na tangi lake. Nani sasa kabonyeza?"

Inspekta akaweka lenzi chini.

Yeye alikuwa anakunja mashuka nyumbani, Jumapili hiyo ya vita. Jirani wa chini aligonga mlango kama anataka kuuvunja, maji yanamwagikia nguo zake alizoanika. Mume akachomoka kwenye kiti, hedifoni zinaning'inia shingoni: "Mama watoto, njoo ukae hapa! Akitokea mzee mwenye ndevu na mistari miwili, bonyeza wa juu. Wa juu!" Akaenda akakaa, shuka mapajani. Mzee mwenye ndevu akatokea. Akabonyeza wa juu, akasikia mlio kama ngoma, akarudi kwenye mashuka yake. Hakuambiwa kitu baadaye, na yeye hakuuliza kitu. Asubuhi fundi alipomtaja mzee huyo, alidhani kila ukoo una wake.

"Afande? Mbona umekuwa hivyo?"

"Nipe huo ukurasa. Nitaupitia mwenyewe."

Akaukunja mara mbili, akautia ndani ya pochi yake. Miaka ishirini na miwili ya kazi hajawahi kutia kielelezo pochini, na kilichomtia kinyaa ni jinsi mkono ulivyoijua njia bila kufundishwa. Koplo alitazama pochi, kisha akatazama chai yake.

"Zilikuwa kurasa kumi na nne," alisema.

"Bado ni kumi na nne."

"Haya."

Akatoka nje kabla Koplo hajauliza zaidi. Chumba cha pili alikuwemo mtu aliyemweka ndani yeye mwenyewe, na asubuhi yote amekaa naye uso kwa uso kumuuliza nani kafungua lango.

*

Duka la dawa lilikuwa na foleni ya watu watano. Inspekta akasimama wa sita, kama mtu mwingine yeyote. Mumewe alikuwa nyuma ya kioo na koti jeupe, anasogeza vidonge kwenye sinia kwa kisu butu, viwili viwili, midomo ikihesabu. Zamu ya mkewe ilipofika aliinua kichwa na tabasamu la kazini.

"Karibu, nikusaidie nini... Ah! Mama watoto?"

"Habari za mchana, Mkuu."

Kisu kikasimama juu ya sinia. Bibi mmoja akajipenyeza na chupa yake ya kikohozi. "Mwanangu, umesema kijiko kimoja au viwili?"

"Kimoja, bibi. Mara tatu kwa siku." Sauti haikuwa yake. Bibi akaondoka akimtazama kwa wasiwasi.

"Umejua tangu lini?" Inspekta aliuliza chini chini.

"Tangu Jumapili ileile."

"Umejuaje?"

Akatoa simu mfukoni, akaitafuta sehemu, akamsukumia chini ya kioo, pale wateja wanapopitishia vyeti vya daktari. Ulikuwa ujumbe wa Alhamisi, siku tatu kabla ya vita, kutoka kwa Sindano. *Mkuu, habari za kazi. Toleo jipya la leo limegeuza mistari ya mzee wa lango, sasa juu ni ufunguo na chini ni kufuli. Nakuandikia wewe peke yako, maana wimbo ni wako na sipendi nikusahihishe mbele za watu. Watangazie mwenyewe.* Chini yake jibu: *Sawa, ubarikiwe.*

"Nilisoma mpaka 'habari za kazi'," mume alisema.

"Ukamjibu ubarikiwe."

"Kulikuwa na foleni."

Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kuchoka. Inspekta hakusogea.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba katikati ya vita niliacha watu mia na hamsini nikaenda kufunga bomba, nikamwachia ngome mke wangu na mashuka yake?"

"Ungewaambia hivyohivyo."

"Wangenicheka."

"Wangekucheka, ndiyo. Yeye kavunjwa mkono."

"Sikumtaja jina!"

"Mwenye ufunguo anajijua. Ulikuwa unamsema nani?"

Mfamasia akatazama vidonge vyake. "Nilianza nikijisema mwenyewe, Mungu ni shahidi. Nilitaka nione kama nitaweza kumalizia. Wakanimalizia wao, nami nikaona nafuu, nikanyamaza. Jumatatu nikasema kesho nitawaambia. Na kesho yake..."

"Kesho yake saa nne."

"Nimekudanganya mezani, Jumatano. Nimekaa na wewe miaka kumi na tisa sijawahi kukudanganya mezani." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe huna kosa. Wewe hukujua."

"Usinitoe mimi." Alishangaa jinsi alivyokasirika. "Mimi ndiye niliyebonyeza. Na leo saa tano nimeiba ukurasa wa kesi nikautia pochini ili nikufiche wewe, au nijifiche mimi, sijui. Sisi wote wawili ni wanafiki tu. Vua koti twende."

"Foleni hii..."

"Mwite msaidizi wako. Vua koti."

*

Wodi ya akina mama, saa kumi, ni saa ya kuona wagonjwa. Koplo alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na daftari kama alivyoagizwa kwa simu. Inspekta akafungua pochi, akampa ukurasa wa tisa.

"Huu umekuwa kwenye pochi yangu tangu saa tano asubuhi. Andika hivyo. Faili kuanzia sasa ni lako, mimi ni shahidi. Kesho nitamwandikia mkuu wa kituo."

"Niandike 'pochi'?"

"Andika pochi."

Koplo akaandika pochi. Akamtazama yule mwanamume nyuma ya Inspekta, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakupata utani wa kusema.

Mama mshonaji alikuwa kitanda cha tatu, hana mgeni. Vitanda vingine vilijaa watu, vikapu na watoto. Chake kilikuwa na shuka lililonyooshwa tu. Mfamasia akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma.

"Pole, mama," alisema.

Mama akageuza kichwa haraka. "Sema tena."

"Pole sana, mama."

"Mkuu?" Uso wake wote ukafunguka. "Ni wewe! Sauti hiyo siipotezi hata nikiwa kaburini. Jamani, Mkuu amekuja!" Akamwambia mgonjwa wa jirani: "Huyu ndiye niliyekuwa nakwambia." Akajaribu kwa mkono wa kushoto kusogeza kiti, akashindwa, akacheka. "Siku nne hajaja hata mmoja. Nikasema, waache, lakini Mkuu hawezi kuamini maneno yale. Kaa baba, kaa. Umekuwa mwembamba kuliko sauti yako."

Mfamasia hakukaa. Inspekta alitamani sakafu ipasuke. Mumewe akasema yote kwa pumzi moja, akitazama vidole vya mama vilivyojitokeza kwenye plasta, vimevimba: tangi, jirani, mke wake, mstari wa juu, ufunguo, na ukimya wa siku zote zile.

Mgonjwa wa jirani akajifanya anapanga machungwa.

"Ujumbe wangu hukuusoma?"

"Sikuusoma mpaka mwisho."

"Ulikuwa mistari minne, Mkuu."

Hakumpigia kelele, na bora angepiga. Mfamasia akashika chuma cha kitanda akalia, bila sauti, mtu mzima na koti lake mkononi. Mama akamwacha kidogo, kisha akasema, "Machozi utayamalizia nyumbani. Toa simu. Waambie."

Akatoa, akaandika. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akasoma kwa sauti: "'Ndugu zangu, kumetokea kosa...' Futa. Kosa halitokei lenyewe kama mvua. Anza na 'mimi'."

Akafuta. *Mimi, Mkuu wenu, nilibonyeza kwa ufunguo wangu. Sindano hana hatia. Alinionya nami sikusoma.* Jina la mkewe hakuliweka. Akatuma. Wakasubiri wote wanne, simu ikiwa juu ya shuka.

Majibu yakaanza kuingia. Mama aliyasoma moja moja, taratibu. "'Mkuu una utu sana.' 'Mkuu usimbebee mtu mzigo.' 'Amekulilia wodini nini, Mkuu? Tunamjua huyo.' 'Siku ile ulikuwa paani, Mkuu, tulikusoma wenyewe. Kura Jumapili ipo palepale.'" Akaiweka simu chini. "Umeona? Nusu ya ukweli waliimeza bila maji. Leo umewaambia na bado wananitemea mimi, na wewe wanakusifu."

Mfamasia akasema hajui aandike nini zaidi.

"Mimi najua," Inspekta alisema. "Humo mnasikiana kwa sauti?"

"Kuna chumba cha maongezi. Saa hizi wengi wako kazini, lakini huwa wanasikiliza."

"Fungua. Na uweke sauti juu."

Alimwona Koplo anatikisa kichwa kidogo, kama kumwambia: afande, hili si lazima, maelezo kituoni yatatosha. Na yangetosha kweli, mahakamani. Ukoo hausomi majalada ya polisi. Akachukua simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Jamani, habari za saa hizi. Mimi ni Inspekta wa polisi. Ni mke wa Mkuu wenu. Siku ya vita yeye alipanda paani, mimi nilikaa kwenye kiti chake. Mzee mwenye ndevu alitokea na mimi nikabonyeza mstari wa juu, kwa sababu mume wangu aliniambia juu ni kufuli. Mistari ilikuwa imegeuzwa tangu Alhamisi, na Sindano alimwandikia, hakusoma. Aliyefungua lango ni mimi. Sindano hakufungua kitu."

Mahali fulani upande wa pili mashine ilikuwa inanguruma, halafu ikazimwa.

"Inspekta gani?" sauti moja ikauliza. "Wewe ndiye uliyemkamata Panga, yule fundi magari?"

"Ndiye mimi."

"Ukamuweka ndani kwa sababu ya lango ulilofungua wewe?"

"Nilimkamata kwa kumvunja mama mkono, na kwa hilo atajibu. Lango nililifungua mimi."

Mtu akacheka, mwingine akamkemea. Mtu wa tatu akasema polepole kwamba hata yeye angebonyeza wa juu. Wageni wa vitanda vyote walikuwa wamegeuka, na muuguzi amesimama na sinia la dawa, anamtazama mwanamke mwenye sare aliyekuwa anaungama kwenye simu. Inspekta akanyoosha simu kumrudishia mumewe.

Mama mshonaji akaizuia kwa mkono wake mzima. Alikuwa ameegemea mto, anahesabu majina kwenye kioo cha simu, kadiri yalivyozidi kuingia: thelathini, arobaini, hamsini na tatu.

"Subiri," alisema. "Hawa wamechelewa, hawajasikia. Rudia, mwanangu. Tangu mwanzo."

Inspekta akairudisha simu mdomoni, akarudia tangu mwanzo.